Punje za hewa, .22, marisau au 9 mm: ipi utaimudu Uganda, na ipi utaipata tena?

Mtu akitaka kuanza kulenga shabaha, awe Kampala, Entebbe au Jinja, swali lake la kwanza huwa "raundi moja shilingi ngapi?" Si swali baya, ila nafasi yake ni ya pili. La kwanza ni hili: boksi hili likiisha, lingine litatoka wapi, na baada ya muda gani? Huko Marekani risasi hupangwa rafuni jirani na viatu vya kuwindia. Kwetu risasi hufuata hati, hati hufuata bunduki, na vyote hupita mezani kwa polisi. Ukiwa na bunduki nzuri ambayo risasi zake hazipatikani, una fimbo ya bei kubwa.

Ninawaandikia wanaolenga kwa burudani na kwa mashindano. Mwenye bastola ya kujilinda nitamgusa mwishoni. Mwindaji ana mamlaka yake ya wanyamapori na vibali vyake, tumwache kwanza. Kwa asiyezijua: punje za hewa ni za bunduki ya hewa, .22 LR (Long Rifle) ni risasi ndogo ya upana wa inchi 0.22, marisau ni vipunje vingi ndani ya katriji moja, na 9 mm ni ya bastola.

Kabla ya bei, kumbuka kwa nini uamuzi huu haubadilishwi kirahisi. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 hairuhusu kumiliki bunduki wala risasi bila hati, na leseni inahuishwa kila mwaka. Mwezi Juni 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa, Rais Museveni alitangaza hatua za usalama, mojawapo ikiwa kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake: mikwaruzo ambayo mtutu huiacha kwenye risasi na pini huiacha kwenye ganda. Kwa mlenga shabaha maana yake ni kwamba huwezi kuamka Jumamosi ukasema hii .22 imenichosha, nataka ya marisau. Unachagua risasi kwanza, halafu bunduki ya kuifyatua, na utakaa na uamuzi huo miaka.

Tarakimu zinazofuata ni bei za rejareja za Marekani na Ulaya za miaka ya karibuni, kwa makadirio, dola moja nikiihesabu shilingi 3,700. Usafiri, ushuru na faida ya mwagizaji bado. Nimetumia bei za nje makusudi, kwa sababu huo ndio msingi ambao kila anayekuuzia hapa ameanzia, na ukiujua utaona ameongeza kiasi gani.

| | Punje za hewa 4.5 mm | .22 LR | Katriji ya geji 12, marisau gramu 24 | 9 mm |
|---|---|---|---|---|
| Zinavyofungwa | kopo la 500 | pakiti ya 50 | boksi la 25 | pakiti ya 50 |
| Raundi moja (sh) | 90–150 | 260–440 za kawaida. 550–750 za shabaha | 1,300–1,900 | 800–1,100 |
| Raundi 60 (sh) | 5,400–9,000 | 33,000–45,000 kwa za shabaha | 78,000–114,000 | 48,000–66,000 |
| Uzito wa raundi 500 | gramu 265 hivi | kilo 1.7 hivi | kilo 19 hivi | kilo 6 hivi |
| Baruti | hakuna | ipo | ipo | ipo |

Watu wengi wataishia mstari wa pili. Mimi naanza na miwili ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoamua mzigo utafikaje nchi isiyo na bahari. Chochote chenye baruti husafiri kama bidhaa ya hatari. Kinahitaji kibali kabla hakijaondoka kilikotoka, meli au ndege inayokubali kukibeba, na mtu wa forodha anayejua anachokikagua. Kikishukia Mombasa, bado kuna barabara ya Kenya na mpaka wa Malaba, maana yake serikali mbili. Halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei ambayo tayari imeongezewa usafiri na ushuru, kwa hiyo kila shilingi ya nauli nayo inatozwa kodi. Katriji za marisau zenye uzito wa kilo 19 zinaumia hapo mara mbili.

Punje za hewa

Nikiulizwa na mtu asiye na bunduki yoyote, ambaye anataka tu kujua kulenga, jibu langu ni hili, na sibembelezi: anza na hewa, mita 10.

Usidhani ni mchezo wa watoto. Katika bunduki ya hewa ya Olimpiki, alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita, na shindano la kufuzu ni raundi 60. Unahitaji chumba au ukumbi wa mita kumi na mbili, ukuta imara, kisanduku cha kunasia risasi, na mlango mmoja tu unaoweza kufungwa. Ukumbi wa shule wakati wa likizo unatosha. Hakuna jirani atakayepiga simu polisi kwa mlio, ila polisi wenyewe ni vizuri wajue mapema mnachokifanya.

Punje yenyewe ni kipande cha plumbi (madini ya risasi, kwa Kiingereza lead) chenye kiuno chembamba na sketi nyuma. Hewa ikisukuma, sketi inatanuka na kushika mtutu. Hapo ndipo ubora unapopimwa. Kopo likifika, mimina punje chache kwenye kitambaa cheupe na uzizungushe kwa kidole. Yenye sketi iliyobonyea utaiona mara moja, inayumba na kuacha kujiviringisha sawasawa. Kopo lililorushwarushwa njiani linaweza kuwa na punje mbovu nyingi hata kama jina lililoandikwa juu ni la kampuni kubwa. Kwa shabaha ya karatasi chukua zenye kichwa bapa, zinakata tundu la duara safi na hakuna ubishi wa alama. Zenye ncha ni za mambo mengine, kwenye karatasi zinachana tu.

Uzuri mkubwa wa punje ni kwamba hazina baruti wala fataki, kile kitone kinachowasha baruti. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, baruti ikapanda bei Ulaya, kwa sababu malighafi ile ile inayoingia kwenye risasi za michezo ndiyo inayoingia kwenye za jeshi, na jeshi ndilo linalohudumiwa kwanza. Punje za hewa haziko kwenye foleni hiyo. Makopo manne ni raundi 2,000, na uzito wake ni kama kilo moja ya sukari na kidogo juu. Mlenga shabaha wa kawaida hapo ana mazoezi ya miezi mingi.

Sasa matatizo. Bunduki za hewa ziko za aina kuu mbili. Ya springi, au ya kukokota mara moja kwa mkono, haihitaji kitu kingine. Ya mtungi hutaka hewa iliyoshindiliwa hadi bar 200, na kompresa ya kujaza matairi pale kituo cha mafuta haifiki hata karibu. Nunua pampu ya mkono iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, utatoa jasho lakini utakuwa huru. Na kuna jambo moja ambalo sitalisema kwa upole: fundi wa kuchomelea, awe Katwe au kwingine, akikuambia atakujazia kwa mtungi wake wa oksijeni, mshukuru na uondoke. Oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na grisi iliyomo kwenye bunduki inalipuka. Huo mtungi uko sentimita chache kutoka usoni kwako.

Pia usiibebe bunduki ya hewa kwenye sanduku ukitarajia kwamba Entebbe wataiona kama kitu cha kuchezea. Omba kibali kwa maandishi kabla haijanunuliwa. Watu hupoteza bunduki pale kwa sababu walitaka kueleza baada ya kufika.

.22 LR

Hii risasi ipo tangu 1887 na bado ndiyo inayofyatuliwa kwa wingi duniani. Haina msukumo wa kuumiza bega, mlio wake unavumilika, na kwa mita 50 inakufundisha vitu ambavyo hewa haifundishi: upepo, joto, na namna risasi inavyoshuka. Kama una klabu yenye uwanja halali na hati yako imetoka, .22 ni raha tupu.

Lakini bei yake hudanganya, kwa sababu kuna .22 tatu ndani ya jina moja. Ya kwanza ni ya kawaida, ya kupigia makopo. Ya pili ni ya shabaha, kama SK ya Ujerumani au zile za chini za Eley ya Uingereza, na bei yake ni karibu mara mbili. Ya tatu ni ya mashindano makubwa, Eley Tenex na wenzake, ambapo raundi moja inaweza kupita shilingi 1,800 kabla haijapanda ndege. Kwa mlenga shabaha wa wikendi, ya pili inatosha. Ya tatu itakuonyesha tu kwamba kosa lilikuwa mkono wako.

Usinunue ile inayojisifu kwa kasi. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 25. Risasi ya kasi kubwa hutoka mtutuni juu ya mwendo huo, kisha hupungua na kuuvuka kwenda chini ikiwa bado safarini, na pale inapovuka inayumbishwa. Ya shabaha imetengenezwa itoke chini ya kasi ya sauti tangu mwanzo, imetulia. Kwa hiyo raundi iliyoandikwa "kasi kubwa" kwa herufi nyekundu inaweza kukupa tundu baya zaidi kwenye karatasi.

Jambo la pili ni namba ya mkupuo, yaani kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, iliyopigwa ubavuni mwa pakiti. Mitutu ya .22 ina mapendeleo, na risasi za jina moja zilizotengenezwa siku tofauti zinaweza kupiga tofauti. Huko nje mtu hujaribu mikupuo mitano kisha ananunua raundi 5,000 za ule uliompendeza. Hapa hutapata nafasi hiyo. Unachoweza kufanya ni kukubaliana na wenzako watatu au wanne wa klabu muagize pamoja kupitia mwagizaji mwenye leseni, na kumtaka alete pakiti za mkupuo mmoja, kila mtu kwa hesabu inayoruhusiwa kwenye hati yake.

Upatikanaji ndio udhaifu wake. Mwaka 2013 Marekani yenyewe ilikosa .22, maboksi yakawa yanauzwa kwa mgao, moja kwa mteja. Mwaka 2020, wakati wa korona, ikatokea tena. Mmarekani akiogopa, hununua, na viwanda vikielekea soko lake, mteja mdogo wa Afrika Mashariki husubiri. Chukulia kwamba ndani ya miaka mitano utapita kipindi kimoja ambacho .22 haiji, na upange akiba yako ndani ya kiasi ambacho hati inakuruhusu.

Fataki ya .22 iko ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo hukataa kulipuka mara nyingi kuliko risasi nyingine. Pini ikigonga na kimya kikafuata, mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu hadi thelathini, ndipo ufungue. Na zihifadhi mahali pakavu. Risasi yake imepakwa nta, ukiimwaga mfukoni inakusanya vumbi lote la Uganda na kulipeleka ndani ya mtutu.

Marisau

Hapa panahitaji pesa na ardhi, kwa mpangilio huo huo. Sahani ya udongo ina upana wa milimita 110, inarushwa na mashine, na unaipiga ikiwa inakimbia. Mzunguko mmoja ni sahani 25, yaani boksi zima, na hakuna mtu anayeenda uwanjani kwa mzunguko mmoja. Weka mizunguko miwili: katriji 50, sahani 50, na mtu wa kuendesha mashine. Kwa bei za nje tu hiyo ni shilingi 65,000 au zaidi za katriji peke yake, na sahani zenyewe zinavunjika njiani zikisafiri vibaya, hivyo ongeza hasara.

Ukiamua hivyo, chukua gramu 24. Ndicho kipimo cha Olimpiki, ni nyepesi kwa bega na kwa mizigo. Muuzaji anayekusukumia gramu 32 au 36 kwa kuwa "zina nguvu" anakuuzia ya kuwindia ndege, na baada ya raundi hamsini shavu litakuambia.

Marisau madogo huanguka umbali wa mita mia mbili na zaidi, kwa hiyo shamba la ekari mbili pembeni ya Wakiso halifai, hata kama ni lako na lina ukuta. Tena angalia kilicho mbele. Sisi tuna ardhi oevu kila upande wa ziwa, Mabamba na Lutembe zikiwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na ndege humeza punje za plumbi wakidhani ni changarawe. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku marisau ya plumbi kwenye ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Uwanja wako usielekee kinamasi.

Kuna wanaosema gharama itashuka ukijaza katriji mwenyewe. Huko ughaibuni ni kweli. Hapa kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na baruti na fataki za kujazia ni ngumu kupata kuliko katriji yenyewe.

9 mm

Mwenye bastola ya kujilinda tayari ana hati, kwa hiyo ni kweli kwamba njia yake ni fupi zaidi. Tatizo ni kwamba raundi alizopewa ni za kulinda nyumba, na kila moja ina mahali pa kujibiwa. Akizimaliza kwenye karatasi Jumamosi, Jumatatu anaanza kuomba nyingine. Ningemshauri afyatue chache uwanjani chini ya msimamizi, za kawaida zenye kichwa kilichofunikwa shaba na si zile ghali za ncha wazi, na mazoezi mengine ayafanye bila risasi.

Kufyatua tupu nyumbani hakugharimu chochote. Risasi zote ziwe chumba kingine, chemba ikaguliwe mara mbili, mtutu uelekee ukuta usioweza kupenywa, halafu ufyatue huku ukitazama kama kilengeo cha mbele ya mtutu kinatikisika. Bastola nyingi za kisasa ambazo pini hugonga katikati ya ganda huvumilia. Bunduki ya .22 mara nyingi haivumilii, pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu, soma kitabu chake kwanza. Kama una pesa ya kopo sita za punje, kifaa cha kulengea kwa mwanga kinachounganishwa na simu ni matumizi mazuri kuliko pakiti ya ziada ya 9 mm.

Msidanganyike na kiwanda cha Nakasongola. Luwero Industries, iliyo chini ya National Enterprise Corporation, hutengeneza risasi, ila ni kwa ajili ya jeshi. Na mtu akikuletea raundi za AK "za bei ya rafiki", usizishike hata kuzitazama. Raia wa nchi hii wamefikishwa mahakama ya kijeshi kwa kukutwa na vitu vya jeshi. Mahakama ya Juu ilikataa jambo hilo tarehe 31 Januari 2025, na mwaka huo huo Bunge likabadilisha sheria ili raia waweze tena kupelekwa huko. Punguzo la shilingi mia tano halina thamani ya hayo.

Kubeba mwenyewe kwenye ndege

Wanaosafiri huuliza. Kanuni ya usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba hadi kilo 5 za risasi za michezo, pamoja na ufungaji wake, kwenye mzigo wa chini tu, kwa idhini ya shirika la ndege, na mgao wa watu wawili hauunganishwi kwenye kifurushi kimoja. Kilo 5 ni .22 kama 1,400. Ni 9 mm mia nne hivi. Kwa katriji za marisau ni kama 125, idadi ya shindano moja la kufuzu, kisha zimekwisha. Punje za hewa hazina baruti, kwa hiyo kanuni hiyo haizigusi, ingawa forodha bado wana haki ya kuuliza.

Idhini ya shirika la ndege haifuti kibali cha Uganda. Pata vyote viwili, kwa maandishi, chapisha nakala tatu, na uziweke kwenye mkoba wa mkononi. Ukizitia ndani ya sanduku lenye risasi, mtu wa kwanza kuzisoma atakuwa yule aliyelifungua bila wewe kuwepo.

Ukishafika uwanjani, tazama daftari kabla ya kutazama bunduki. Msimamizi anayejua kazi, mara nyingi afande mstaafu asiyecheka ovyo, ataandika raundi ulizochukua, ulizofyatua na ulizorudisha, na maganda yatahesabiwa mbele yako. Ukikuta uwanja wa bei nafuu ambao daftari lake lina kurasa tupu, ulipie kwingine. Na unapoondoka nawa mikono kwa sabuni, kisha ndipo ule rolex yako ya chapati na mayai: plumbi haina harufu, na watoto nyumbani ndio inaowadhuru zaidi.